Kusi Haifiki Majanji

Mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, uliingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa jambo ambalo wenyeji hawakuliomba: kati ya mwaka 1967 na 1976 ngurumo za radi zilisikika hapo wastani wa siku 251 kwa mwaka. Karani anayefika ofisini kila Jumatatu hadi Ijumaa, bila likizo wala sikukuu, angeizidi radi ya Tororo kwa siku kumi tu.

Ngurumo hizo zina ratiba. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo kutoka Ziwa Victoria huingia bara kujaza nafasi. Ukikutana na miinuko ya kuelekea Masaba, mlima ambao ramani zinauita Elgon, huumuka na kuwa wingu la mvua. Ndiyo sababu mvua ya Busia na Tororo mara nyingi ni ya alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo hushuka kutoka kila upande kwenda kukutana juu ya maji. Hapo wingu hujengeka ziwani, na dhoruba hupiga kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Mvuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili ambao Waganda huwaita mukene, hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, maana mwezi ukiwaka samaki hawakusanyiki. Basi yeye na dhoruba hutoka saa zile zile.

Makadirio yanayorudiwa sana, hata na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili. Ni makadirio, na yachukuliwe hivyo. Miili mingine haionekani, na mialo mingi haiandiki. Hata ukiyagawa nusu, bado ni hesabu ya vita.

Tumezoea kulijadili suala hili kwa kuangalia chombo: boti ni kuukuu, jaketi la kuokolea halipo, injini imezimika. Mimi nataka kuliangalia kutoka ufuoni. Asubuhi ambayo mtu mwenye akili timamu hapaswi kuingia majini, mvuvi afanye nini? Kila jadi ya uvuvi ina jibu lake, na majibu hayo hayalingani.

Pwani ya Waswahili hali mbaya ya hewa ina jina na majira yake. Kusi huanza masika yanapoingia, hupata nguvu katikati ya mwaka, kisha hulegea. Baadaye huja kaskazi, na kati ya pepo hizo mbili maleleji, upepo usipojua uende wapi. Kabla ya kalenda za ukutani, wanamaji na wakulima walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo. Aliyeijua miongo alijua lini chombo kipandishwe pwani kikatiwe kalafati, na lini kirudi majini. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, inayofanyika kila Julai, ni masalia ya hesabu hiyo. Siku hizi watalii hupiga picha vijana wakichapana kwa migomba, na wachache huuliza hesabu yenyewe ilikuwa ya nini.

Ilikuwa ya kuamua. Bahari kuu inapofungwa na kusi, mwambao haufungwi. Mwamba unaozingira sehemu kubwa ya pwani hii huvunja mawimbi mbali, na ndani yake hubaki maji ambayo mtu huweza kuyaendea kwa miguu. Bamvua inapofika na maji kupwa mpaka mbali, wanawake huenda mwambani kuchokoa pweza mapangoni kwa mti au kipande cha chuma. Wengine hutanda dagaa na uduvi kwa shuka au chandarua, wakiwa maji ya kiunoni. Mwenye wando, ule uzio wa fito unaosimamishwa njiani mwa samaki, huacha maji yajae na kupwa yenyewe, kisha huenda kuchukua kilichobaki ndani. Kwenye hori za mikoko, Gazi au Vanga, mtu hurusha kimia akiwa amesimama tope la magotini. Wavuvi wa Kojani, Pemba, watu wa dago wanaohama na samaki, huhamia upande wa kisiwa usiopigwa na upepo.

Sitaki kuipamba pwani. Mwezi wa Julai kitoweo hupungua, bei hupanda, na deni la dukani hurefuka. Wako pia wanaotoka na kusi na hawarudi. Lakini ona mpangilio wake: majira ya upepo hufunga maji ya mbali bila waziri kutia sahihi popote, na watu hubaki na kazi ya karibu yenye heshima yake, zana zake na ujuzi wake. Samaki wa nje ya mwamba hupumzishwa, mvuvi hubaki hai, na nyumba hula, ingawa kidogo.

Ukiwa na macho hayo, mafanikio ya kufunga mwamba kwa ajili ya pweza hayashangazi. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza mwaka 2004 kuacha sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na desturi hiyo ikaenea hadi Pemba, ambako Kisiwa Panza kimeifuata. Wataalamu huieleza kama uvumbuzi wa usimamizi shirikishi. Nadhani ilipokewa kwa sababu watu wale tayari walikuwa wamelelewa na upepo unaofunga na kufungua.

Kuna jadi nyingine iliyo kinyume kabisa: hiyo huisubiri dhoruba kwa hamu. Kwenye fukwe za Cape Hatteras katika jimbo la North Carolina, Marekani, au kwenye changarawe za Dungeness kusini mwa Uingereza, watu husimama usiku wa baridi, upepo ukiwapiga usoni, na ufito wa karibu meta 4 mkononi. Hurusha chambo nje ya wimbi linalovunjika, wakitumia chubwi lenye miguu ya waya inayojichimbia mchangani ili mkondo usiuburute mshipi. Hoja yao ni sahihi. Wimbi kubwa hufukua mchanga, hutoa minyoo, kaa na chaza. Maji huchafuka, samaki mkubwa huacha woga na kusogea karibu, wakati mwingine kwenye mfereji ulio hatua chache tu kutoka nchi kavu. Bahari ikitulia, hurudi nje. Kwa hiyo mvuvi wa huko husoma utabiri wa hali ya hewa akitafuta habari mbaya.

Hata hivyo tusisahau kwamba mtu huyo ana mshahara, ana koti lisilopenywa na maji, na asipopata samaki hula mkate. Anaitafuta dhoruba kwa sababu dhoruba haimdai chochote. Ni jadi ya watu walioshiba, na sisemi hivyo kwa dharau. Ujuzi wake wa kusoma maji ni wa kweli. Kwetu sehemu kubwa ya pwani ina mwamba mbele yake, kwa hiyo wimbi la namna hiyo halifiki mchangani.

Pwani ya Afrika Magharibi iko katikati ya jadi hizo mbili. Waewe wa Anlo, karibu na Keta nchini Ghana, wana fukwe ndefu zinazopigwa na mawimbi mazito, bila bandari ya asili. Tangu karne ya 19 walijenga uvuvi mzima juu ya juya kubwa: mtumbwi huvuka mawimbi mara moja kuutandaza wavu kwa duara, kisha makumi ya watu, wanaume kwa wanawake, huuvuta kutoka mchangani kwa nyimbo. Mtafiti Polly Hill aliandika juu yao miaka ya 1960 akiwaona kuwa wavuvi wa Afrika nzima, kwa jinsi kampuni zao zilivyosambaa mwambaoni mwa nchi nyingi. Mawimbi yaliwazuia kuishi majini, wakaufanya ufuo wenyewe kuwa chombo.

Sasa turudi Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Maji ya Masaba hugawanyika. Mto Sio hupita Busia, na sehemu yake ndiyo mpaka wa Kenya na Uganda uliotajwa katika amri ya Uingereza ya mwaka 1926. Huingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Berkeley, Sio Port ikiwa upande mmoja na Majanji upande wa pili. Mto Malaba, unaopita jirani na Tororo, huligeuzia ziwa hili mgongo: hukimbilia Mpologoma na mabwawa yake, kisha Ziwa Kyoga. Kwa hiyo mvua za mlima mmoja huwalisha Wasamia samaki wa ziwa, na Wajopadhola samaki wa kinamasi, kambare na kamongo. Kusini zaidi, mto Nzoia hushuka na tope la magharibi mwa Kenya na kulitandaza Budalang'i, kwa Wanyala, kabla ya kuingia ziwani karibu na Port Victoria.

Ghuba ya Berkeley haina kusi. Haina pia kupwa na kujaa kwa maana ya baharini, wala mwamba wa matumbawe wa kusimama mbele ya wimbi. Ina upepo wa kila alasiri, mawimbi mafupi yanayokaribiana na kupindua mtumbwi upesi, na mafunjo yanayoficha ufuo. Hapa ndipo ulinganisho wa haraka unapopotosha. Mtu akiangalia ramani atasema: nao wafanye kama watu wa pwani, upepo ukichafuka wavue karibu. Karibu na nini? Ufuo wa ziwa una mamba na viboko, maji ya magotini yana kichocho, na kusimama peke yako mahali pa wazi na ufito mrefu mkononi, katika nchi yenye ngurumo kama za Tororo, ni ushauri wa adui.

Jadi ya hapa ililitatua swali hilo kwa njia nyingine. Hali mbaya ya hewa haikuwafanya watu wageuke kutoka maji ya nje kwenda maji ya ndani. Waligeuka kutoka ziwani kwenda mtoni.

Katika ziwa hili kuna samaki aitwaye ningu, Labeo victorianus kwa jina la kisayansi, samaki wa urefu usiozidi mkono wa mtoto. Maisha yake yanategemea mafuriko. Mvua kubwa zinaposhuka na mito kugeuka rangi ya udongo, ningu hukusanyika kwenye milango ya mito na kupanda kwa makundi, hutaga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya mafuriko, na watoto wake hurudi ziwani maji yanapopungua. Kwa hiyo siku zile zile ambazo ziwa lilikuwa halifai, Sio na Nzoia zilikuwa zinaleta chakula hadi mlangoni. Watu walijenga nyuzio za fito kuvuka mkono wa mto, wakaacha mianya, na katika mianya wakaweka migono iliyosukwa. Wengine walivua kwa vikapu kwenye nyasi zilizofurika. Ziwani kwenyewe kulikuwa na juya la mafunjo, lililofungwa kama mkeka mnene na kusukumwa kuelekea ufuoni.

Msomaji wa pwani atauona mara moja udugu wa uzio huo wa fito na wando. Vyote viwili humwacha mtu nchi kavu na kuyaachia maji yamletee samaki. Lakini wando hungojea mwezi: bamvua na maji mafu, mara mbili kwa mwezi, bila kukosa. Uzio wa mtoni hungojea mvua, na mvua haina ahadi. Tena uzio una udhaifu ambao naona ulikuwa faida yake kubwa kuliko zote. Mto ukijaa kweli kweli, huubomoa. Fito huondoka na maji, migono hupotea, na kwa siku hizo samaki hupita bila kuguswa na mtu, wakati hasa ambapo kuna nyasi nyingi zaidi zilizofurika za kutagia. Mafuriko makubwa yalilisha kizazi kijacho kwa kuvunja zana za kizazi kilichopo. Kusi hufanya kazi hiyo hiyo baharini kwa njia yake: hufunga.

Huo ndio mkataba ambao ulivunjwa, na tarehe zake zinajulikana. Nyavu za makila za kizungu ziliingia ziwani mwaka 1905. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilikagua ziwa zima, na taarifa yake ya 1929 ikapendekeza tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5, kwa sababu ngege, samaki wa jamii ya sato, walikuwa tayari wanapungua. Miaka ya 1950 ikaja nailoni, isiyooza na isiyoonekana vizuri majini. Wavu wa nailoni ukitegwa kwenye mlango wa mto wakati ningu wanakusanyika hauna udhaifu wa uzio. Mafuriko yanapokuja, wao wameshanaswa. P. J. P. Whitehead aliandika mwaka 1959 juu ya uvuvi wa mito ya Nyanza, na mwaka 1965 D. A. Cadwalladr akachapisha utafiti uliounganisha mambo mawili katika kichwa kimoja: kuporomoka kwa ningu, na kudhoofika kwa mbinu za kienyeji za uvuvi kwenye mto Nzoia. Naupenda muungano huo. Wengi wangehesabu samaki tu. Yeye aliona kwamba ujuzi wa watu nao ulikuwa unakufa kwa ugonjwa ule ule.

Wakati huo sangara, ambaye Waluo humwita mbuta, alikuwa ameshatiwa ziwani, na historia iliyofuata inajulikana: viwanda vya minofu, ndege za kwenda Ulaya, samaki wadogo wa asili kutoweka kwa mamia ya aina. Sitairudia. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba biashara ya sangara na ya omena zote mbili ziko nje, kwenye kina. Mto ukapoteza kazi yake, na ufuo ukabaki kuwa mahali pa kuanikia.

Kuanika nako ni kazi ya hali ya hewa, ingawa wanaoandika juu ya dhoruba za ziwa hawaitaji. Omena huanikwa wabichi, juu ya nyavu kuukuu au mchangani, na huhitaji jua la siku moja. Wingu la alasiri likifika kabla hawajakauka, huanza kuharibika, na mwanamke aliyewanunua kwa mkopo asubuhi huwauza jioni kwa bei ya chakula cha kuku. Unguja dagaa huchemshwa kwanza kwa maji ya chumvi, ndipo huanikwa, kwa hiyo mvua ya ghafla haimalizi kila kitu. Kwenye ziwa hakuna chumvi ya bure, na kuni ni fedha. Hasara hiyo ya ufuoni haiingii katika hesabu ya ajali za ziwani, lakini ndiyo inayomfanya mfanyabiashara amhimize mwenye mtumbwi atoke tena usiku unaofuata.

Kisha sheria ikaja kumalizia. Juya la ufuoni, kokoro kwa wavuvi wa Tanzania na rimba kwa Waluo, limepigwa marufuku katika nchi zote tatu zenye ziwa. Sababu ni nzuri: ngege na sato huchimba viota vyao kwenye maji mafupi, na juya linaloburutwa chini huvunja viota na kukomba watoto wa samaki. Uganda haikuishia hapo. Inataka boti ya uvuvi isiwe fupi kuliko futi 28, na mwaka 2017 wanajeshi wa kikosi cha kulinda uvuvi walianza kuchoma mitumbwi midogo mialoni. Samaki wakubwa wakaanza kuonekana tena, jambo ambalo wavuvi wenye mitaji wanalisifu.

Mimi siipingi hoja ya viota. Nasema imekamilika nusu. Ziweke sheria hizo pamoja na historia ya mto, uone zinachomwambia kijana wa Majanji asiye na boti. Mtoni ningu wamekwisha. Ufuoni juya ni kesi. Mtumbwi mdogo wa kuvua karibu na mafunjo ni moto. Njia iliyobaki ni kuwa baharia katika boti ndefu ya mtu mwingine, usiku, mbali, saa za dhoruba. Sheria iliyotungwa kulinda ufuo imewasukuma watu kwenda pale ziwa linapoua zaidi, na sijaona mwalo ambako suala la samaki na suala la vifo hujadiliwa katika kikao kimoja.

Kenya ina kitu kinachofanana na kusi, ila ni cha karatasi. Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai. Miezi hiyo inaanza na mvua za masika, wakati mito inajaa. Angalau kwa nia, ni kufunga kwa majira, kama upepo unavyofunga Pemba. Lakini tarehe hizo ni za Kenya. Haziuvuki mto Sio, na ghuba ni moja. Kusi huwafunga wa Vanga, upande wa Kenya, na wa Moa, upande wa Tanzania, siku moja bila kuuliza pasipoti, na hilo ndilo linaloifanya ivumilike: jirani naye amekaa. Mvuvi wa Sio Port anayeziona taa za upande wa pili zikiwaka juu ya maji anayovua yeye, huku yeye akiwa amefungiwa, hatakiona kifungo hicho kuwa majira. Atakiona kuwa ni uonevu, na nadhani angekuwa na hoja.

Kuhusu kujua siku ya hatari, pengo liko mahali pengine. Ukanda huu hauna upungufu wa wajuzi wa anga. Bunyore, kaunti ya Vihiga, wako Wanganyi, ukoo wa watabiri wa mvua ambao tangu mwaka 2008 wamekuwa wakikaa na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kulinganisha utabiri. Wao husoma miti inavyochanua, wadudu, na upepo katika vichaka vyao vitakatifu. Ni ujuzi wa aina moja na ule wa miongo ya Nairuzi: unajibu swali la majira. Mvua itawahi? Itatosha? Mkulima na nahodha wa jahazi walihitaji jibu hilo. Baharia wa omena anahitaji jibu jingine kabisa, kwamba saa nane usiku huu, upande huu wa ghuba, kutakuwa na nini. Ziwa huua kwa saa, na jadi zote mbili zilihesabu kwa siku kumi au kwa mwezi.

Mradi wa HIGHWAY, ulioendeshwa chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuwezesha idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda na Tanzania kutoa utabiri wa ziwa wa kila siku, kanda kwa kanda, kupitia redio, simu na matangazo mialoni. Hilo ni jambo kubwa, na yeyote anayesema utabiri ni wa kizungu na wavuvi hawausikilizi hajakaa nao. Wanausikiliza. Kinachofuata baada ya kusikiliza ndicho kigumu. Baharia hulipwa fungu la kilichovuliwa; boti isipotoka, halipwi. Mwenye boti ana deni la injini, na taa zake nazo zilinunuliwa kwa mkopo. Tangazo linamwambia baharia asiende. Halimwambii afanye nini badala yake.

Kuna aliyejaribu kujibu. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, katika mpango wake wa kuchochea uchumi, ilianza kuchimba mabwawa ya samaki, 200 kwa kila jimbo la uchaguzi katika majimbo 140, na Busia ilipata yake. Wakhungu, upande wa Samia, pana kituo cha kuzalisha vifaranga. Bwawa ni jibu zuri kwa ngurumo: mvua hulijaza badala ya kulizuia. Lakini lilikwenda kwa mwenye shamba. Mabaharia wengi wa omena ni vijana wasio na shamba, na wengine wamevuka mpaka kufuata samaki, kwa hiyo hawamo katika orodha ya mkulima yeyote upande wowote wa mto.

Kamati za ufuo zilizoundwa kisheria, Uganda kuanzia 2003 hadi ziliposimamishwa mwaka 2015, na Kenya kwa kanuni za 2007, zilipata uwezo ambao hazikuutumia kwa jambo hili. Upande wa Kenya bado zinaandikisha boti, zinatoza ushuru wa kila kilo inayoshuka, zinakaa na maofisa. Majanji na Sio Port zinatazamana kuvuka ghuba moja. Zikitaka, zinaweza kukubaliana kwamba utabiri ukitangaza hatari, hakuna boti itakayotoka upande wowote, na sehemu ya ushuru wa siku njema imlipe baharia usiku huo. Kisha ziombe serikali mbili zitenge vipande vya ufuo na vya mdomo wa mto ambako mgono na ndoano ya kambare vitaruhusiwa kwa asiye na boti, mbali na viota na nje ya majira ya ningu. Wenye boti watalalamikia ushuru huo. Waanze nao.